Mumiani wa Toleo la Pili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam
Tarehe 23 Agosti 1993, saa sita na dakika kumi mchana

Jina: Mbwana Sadallah Kitwana
Umri: Miaka 54
Kabila: Mzaramo
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi wa kuandika vibao na kuchora
Makazi: Tandika
Kuhusu: Kushambuliwa kwa muuguzi Bupe Mwakalinga

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Koplo Jabiri, anayeandika maelezo haya, amenionya niseme kweli na nisipunguze kitu. Nimemjibu kwamba nimeshapunguza vya kutosha siku zilizopita, ndiyo maana niko hapa.

Kazi yangu ni vibao. Vinyozi, saluni, maduka ya mkaa, mabanda ya chipsi, ukitembea toka Tandika hadi Mtoni utakutana na mkono wangu kila baada ya nyumba kumi. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini na moja, mgongo umechoka na macho yamechoka. Fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu, alinipa sharti moja tu, nisichore nisichokiona. Ukitaka kuchora kuku, lete kuku, mfunge mguu, umchore. Nimelishika sharti hilo mpaka leo, hata kwenye kazi za mazimwi nitakazozieleza.

Afande ameuliza mazimwi yanaingiaje kwenye kesi ya muuguzi. Nimemwomba anivumilie.

Mwaka 1987 alinijia kijana mmoja anaitwa Allen Gozbert, mtu wa Bukoba, anakaa Sinza. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na mchezo ambao hapa kwetu haukuwepo. Hauna ubao kama drafti. Mnakaa watu watano au sita. Mmoja anakuwa Msimulizi, wengine wanakuwa wasafiri. Msimulizi anawaeleza, "Mmefika mtoni, upande wa pili amekaa zimwi, mnafanyaje?" Kila msafiri anasema atafanyaje, halafu mnatupa komwe kuona kama amefaulu au ameliwa. Kuna kitabu chenye orodha ya madude yote mnayoweza kukutana nayo, picha na tabia zake. Allen aliuandika mchezo huo upya kwa Kiswahili akauita Wapita Njia, na mimi nikachora madude.

Toleo hilo la kwanza tulilitoa kwa mashine ya stensili. Nilichora zimwi kwa kumtazama mchinjaji wa buchani. Chatu mwenye vichwa saba nilimpa ngozi ya tairi la lori. Mumiani nilimchora kama wazee walivyokuwa wakitusimulia sisi utotoni, mtu wa gari jekundu, ndoo mkononi na mpira mrefu wa kunyonyea damu. Ndoo na mpira nilikuwa navyo uani.

Mchezo ulipendwa na watu wachache, lakini waliupenda kweli.

Mnamo mwezi Mei mwaka huu Allen alikuja tena. Sasa mambo yamefunguka, mashine za rangi zipo, karatasi nzuri ipo, akasema anatoa toleo la pili. Lakini madude yote alitaka yabadilishwe. Alikaa kwenye benchi la karakana yangu na daftari, tukayapitia moja moja.

Kuhusu zimwi alisema, "Mzee, hili lina kitambi. Siku hizi mtoto akiona kitambi anadhani ni mheshimiwa, anamwamkia." Tukalikondesha. Chatu tukampunguza vichwa, kwa sababu saba vilikuwa vinachekesha, akabakiwa na kimoja. Jini wa baharini tukamhamishia Msasani, kwenye jumba linalojengwa miaka yote wala halihamiwi. Nilicheka siku ile. Kazi ya kubadilisha madude ilinifurahisha kuliko kibao chochote nilichoandika mwaka huu.

Kisha tukafika kwa mumiani. Allen akaniuliza, "Nani anaogopa ndoo na mpira siku hizi? Hata maji yenyewe hayatoki." Alitaka mumiani wa sasa hivi. Aliniandikia maneno yake kwenye karatasi, nayakumbuka kwa sababu niliyaandika kwa mkono wangu chini ya picha: "Mumiani mpya haji kwa siri. Anakuja mchana kweupe. Anapiga hodi. Ana sauti nzuri na analijua jina la mtoto wako." Aliniambia nimtafutie chombo kipya cha kubebea damu, kitu safi, cha kitaalamu.

Karatasi hiyo ilikaa mezani kwangu wiki mbili. Sikuwa na chombo.

Mnamo tarehe 8 Juni, siku ya Jumanne, mnamo saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa mlangoni mwa karakana. Akapita Sista Bupe. Huyu ni muuguzi wa zahanati, mtoto wa Tukuyu, yuko mtaani kwetu mwaka wa tatu sasa. Kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kufuata watoto ambao hawakumaliza chanjo. Anatembea na deli la chanjo, lile boksi la bluu lenye mfuniko mweupe na chupa za barafu ndani. Mshipi wa deli lake ulikatika zamani, akaufunga kwa kipande cha kanga nyekundu. Kila mama wa mtaa ule anakijua kile kipande cha kanga.

Aliniamkia, "Shikamoo, Mzee Mbwana." Nikaitikia. Nikalitazama deli. Nikamwomba aliweke chini kidogo nilichore.

Alifurahi. Sijui niseme vipi namna alivyofurahi. Aliliweka juu ya benchi, akalipangusa vumbi kwa upande wa kitenge chake, akanifungulia mfuniko nione ndani. Baadaye akaniuliza, "Unachora tangazo la chanjo?"

Nikasema ndiyo.

Afande ameniuliza kwa nini nilisema ndiyo. Swali hili nimelifikiria siku nne. Kumweleza mtu habari ya Wapita Njia ni kazi. Unaanza na Msimulizi, unakuja kwenye komwe, unamaliza wala hajaelewa, anakuangalia kama mzee aliyerudi utotoni. Nilikuwa nimechoka, jua lilishapanda, na yeye alishalijibu swali lake mwenyewe. Neno moja lilitosha kumaliza mazungumzo. Nikalisema.

Akaniambia, "Basi nichore na mie, nisimame nalo?" Nikamwambia asimame. Alisimama kama dakika ishirini, mkono kwenye mshipi, anatabasamu. Nilichora mkono wake, deli lake, na lile fundo la kanga nyekundu. Uso sikuuchukua. Mumiani nilimpa uso usio wa mtu yeyote, kofia na miwani. Nilijiona muungwana kwa kutouchukua uso wake.

Mke wangu Naima aliiona picha ilipokuwa inakauka. Akasema, "Hili si deli la Sista?" Nikamwambia madeli yako mengi. Akasema, "Yenye kanga?" Nikamwambia aniachie nimalize kazi.

Ninachotaka kieleweke hapa ni hiki. Sista Bupe aliondoka pale akaenda kuwaambia kina mama mtaa mzima kwamba amechorwa. Aliwaambia, "Mtaniona kwenye picha na deli langu." Alifanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu kuna wamama waliokuwa wanamkwepa na alidhani tangazo litamsaidia. Habari hizo zilinifikia mwezi huohuo wa sita. Ningeweza kumfuata zahanati nikamwambia ukweli, ni mwendo wa robo saa. Sikwenda.

Mnamo tarehe 7 Agosti, siku ya Jumamosi, mnamo saa tisa alasiri, Allen alileta vitabu sita vya majaribio. Kabla ya kuchapa vyote alitaka watu waucheze mchezo aone madude mapya yanatisha kiasi gani. Alikipeleka kimoja kwa Chausiku.

Chausiku ni msusi. Anasukia barazani kwake, upande wa pili wa barabara, kama hatua sitini kutoka karakana yangu. Yeye ni Msimulizi hodari kuliko wote niliowahi kuwasikia, hata Allen anakiri. Amekuwa Msimulizi tangu toleo la kwanza. Wanawake wanakuja kusukwa, msuko wa kusokota unachukua saa tano, basi kichwa kiko magotini kwa Chausiku na mchezo unaendelea. Yeye anasuka huku anasimulia, walio kwenye mkeka wanatupa komwe. Mumiani akitokea wanapiga kelele zote kwa pamoja, "Mumiani! Mumiani!" kisha wanacheka. Siku kumi nzima nilizisikia kelele hizo nikiwa kazini. Nilifurahi, nikajua mumiani wangu anatisha.

Mnamo tarehe 17 Agosti, Jumanne, Sista Bupe alimchoma sindano ya surua mtoto wa mwisho wa Chausiku, anaitwa Talha, ana miezi tisa na kitu. Usiku mtoto alipata homa. Homa hiyo ni ya kawaida, Sista mwenyewe aliwaambia wote kwamba inaweza kuja. Jumatano ilizidi. Chausiku hakulala.

Yaliyotokea barazani Alhamisi asubuhi sikuyaona. Chausiku alinieleza mwenyewe siku ileile, kabla hamjamchukua, na maelezo yake mnayo. Alikuwa amemweka mtoto mapajani, kitabu kimefunguka mkekani kwenye ukurasa wa mumiani, kwa sababu wateja walikuwa wamekuja kama kawaida. Mmoja wao akasema, "Jamani, hii si kanga ya deli la Sista?" Mwingine akasema, "Si mwenyewe alisema tutamwona kwenye picha?" Wakasoma tena maneno ya chini. Anakuja mchana kweupe. Anapiga hodi. Analijua jina la mtoto wako.

Hapo ndipo Sista Bupe alipopiga hodi. Ilikuwa tarehe 19 Agosti, mnamo saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Alikuja kufuata homa ya mtoto, na hilo halimo hata kwenye kazi yake, ni moyo wake tu. Akauliza, "Talha anaendeleaje?"

Chausiku aliniambia, "Mjomba, mie najua ni mchezo. Mie ndo Msimulizi, sijui vipi? Lakini mwanangu anawaka moto na yeye mwenyewe alishasema ni yeye. Nilipomuona mlangoni mdomo ulifunguka wenyewe." Alilitaja lile neno. Wenziwe wakalipokea.

Sasa naeleza upande wangu.

Siku hiyo nilikuwa nje ya karakana naandika kibao cha saluni, ubao wa plaiwudi futi nne kwa tatu. Nikasikia wanawake wanapiga kelele, "Mumiani! Mumiani!" Sikugeuka. Nilidhani wanacheza.

Halafu nikasikia sauti za wanaume, na hao hawachezi. Nilizisikia vizuri. Nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu, na mwingine anasema, "Mshikeni." Afande ameniuliza kama hapo niligeuka. Hapo pia sikugeuka. Nilikuwa kwenye herufi S ya SALUNI. Herufi S haiachwi katikati, ukiinua brashi rangi inakauka na mshono unaonekana, inabidi usugue uanze upya. Niliimaliza. Nimejaribu nyumbani kwa saa ya ukutani kuona inachukua muda gani kuanzia pale nilipokuwa nimefika. Ni kama nusu dakika, labda kidogo zaidi.

Nilipogeuka, baraza la Chausiku lilikuwa halionekani kwa watu. Walitoka kwenye genge la wafyatua matofali, walitoka kwenye kinyozi, walitoka kwenye mashine ya kusaga. Wengi wao hawajawahi kusikia habari ya Wapita Njia. Wao walisikia kwamba mumiani amekamatwa na damu za watoto, basi. Nilibeba ule ubao kwa sababu ndio uliokuwa mbele yangu. Nilipita katikati nikisema, "Ni picha yangu! Nimechora mimi! Ni mchezo!" Nilisema hivyo mara nyingi, sauti yangu ni ya mzee na hakuna aliyeisikia. Mmoja aliniambia, "Mzee, pisha."

Sista Bupe alikuwa ameanguka chini ya dirisha, amejikunja, ameshika kichwa. Deli lilikuwa limepasuliwa na chupa zote zimevunjwa. Kilichomwagika ni maji ya barafu, meupe, yanaonekana wazi. Na bado kuna watu wazima walioapa mbele yangu kwamba wameona damu inatoka mle.

Nilipiga magoti nikaweka ubao juu yetu wawili. Matofali yaligonga ubao, sijui mangapi. Mgambo walifika baada ya kama dakika kumi, watu wakakimbia. Tulimpakia kwenye pikapu ya muuza mchanga. Njiani alikuwa anasema, "Talha, Talha," nikadhani anachanganyikiwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anauliza habari za mtoto. Mtoto homa ilishuka jioni ileile.

Watu wanasema mtaani kwamba Mzee Mbwana alimwokoa Sista. Naomba hilo lisiandikwe hivyo. Daktari alisema jiwe lililoharibu jicho la kushoto ni moja, na waliokuwepo wanasema lilikuwa la mwanzo mwanzo. Nimehesabu na kuhesabu. Kama ningegeuka kwenye kelele ya kwanza ya wanaume, ningefika. Labda lisingekuwa limerushwa bado.

Mnamo tarehe 20 Agosti, Ijumaa, baada ya sala, Allen alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. Alikuwa amesikia kwamba polisi wanauliza picha ile imetoka wapi. Akaniambia, "Mzee, wewe sema ulichora kichwani. Kichwani tu. Dude la mchezo halina mwenyewe." Nikamwambia, "Allen, unanijua miaka sita, lini nimechora kitu kichwani?" Kisha akaanza kulia, mtu mzima, amesimama pale kwenye mlango wangu na viatu vyake vizuri. Akasema maneno yale ni yeye aliyeyaandika, sio mimi, hodi na jina la mtoto, na kwamba aliyatoa kwa mama yake mzazi aliyekuwa akimwogopa kila mtu mwenye sauti nzuri. Sikuwa na nguvu ya kumfariji. Allen si mtu mbaya. Nataka hilo nalo liingie.

Mnamo tarehe 21 Agosti, Jumamosi, saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu nyumbani nilikuwa narudia nitakavyosema.

Alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso na taya limevimba. Aliponiona alitaka kuinuka. "Shikamoo, Mzee." Nikamwambia alale. Nilikaa kwenye kigoda cha pembeni. Akanishukuru kwa ubao.

Kisha akasema, kwa shida, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo, "Mzee, kuna mtu amechora picha mbaya, kanifanya mie mumiani. Nimewaambia polisi. Ile ya kwako ya tangazo imeshatoka?"

Nikasema bado.

Akasema, "Itoe haraka. Wakiiona ya kwako wataelewa. Mie nikipona narudi mtaani kwetu kulekule, siwezi kurudi wakiwa na ile nyingine kichwani. Watoto kumi na mmoja bado hawajamaliza, nina majina yao." Akaanza kunitajia yale majina. Aliyataja yote kumi na moja. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, "Pumzika, mwanangu," nikatoka. Nje nilikaa ukutani mpaka wageni wote wakaisha.

Kwa hiyo nimemwongopea mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimechoka na sikujua itazaa nini. Ya pili nilijua kila kitu, jicho lake lilikuwa mbele yangu limefungwa.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi wowote na Sista Bupe. Sina. Ameniuliza kama Sista Bupe aliwahi kufanya jambo lolote linalofanana na lililo kwenye picha ile. Hajawahi. Ameniuliza kama yule kwenye picha ni yeye. Jibu langu ni kwamba mkono ni wake, deli ni lake na kanga ni yake, nilimsimamisha dakika ishirini nikamchora, na yaliyobaki yote, jina la mumiani na ubaya wake, tulimtwisha sisi bila kumuuliza. Aliwaambia kina mama kwamba watamwona kwenye picha kwa sababu mimi nilimwambia ni tangazo. Hakuna mtu mwingine aliyechora picha mbaya.

Ameniuliza pia habari za Chausiku, ambaye mmemweka ndani tangu Alhamisi. Sina la kumtetea kwa kelele aliyoipiga, aliipiga. Ila anasema kweli kuhusu maneno ya Sista, na watu wanadhani ametunga. Hakutunga. Ana mtoto anayenyonya.

Picha ya asili nimekuja nayo, iko kwenye karatasi ngumu, nimeikabidhi. Naomba isirudishwe kwangu. Vitabu sita vya majaribio, vitano Allen anavyo na atavileta, cha sita mlikichukua barazani.

Nimeanzia hapa kituoni kwa sababu kusema haya mbele ya askari ni rahisi kuliko kuyasema kule wodini. Nimetaka niyasikie kwanza mdomoni mwangu nione kama yanasemeka. Sijui hata kama kuna kifungu cha sheria kinachonihusu. Kama kipo, nitakuja nikiitwa, nyumba yangu inajulikana, na kama sipo nyumbani niko karakana.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, kwa hiari yangu, hakuna aliyenishurutisha. Nimesomewa, nimeelewa, na nimeyakubali kuwa ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: M. S. Kitwana

UTHIBITISHO WA ASKARI

Mimi Na. E 7316 Koplo Jabiri nathibitisha kuwa maelezo haya nimeyaandika kama shahidi alivyoyasema, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu saa nane na dakika hamsini mchana. Kielelezo, mchoro mmoja wa rangi, kimepokelewa.

Nimemjulisha shahidi kuwa mlalamikaji alikwisha kuandikisha maelezo tarehe 20/8/1993 akiwa kitandani, na kwamba ndani yake amemtaja yeye, Mbwana Sadallah, kuwa shahidi wake wa kuthibitisha kwamba picha aliyochorwa ilikuwa njema. Nilimuuliza kama angependa kubadili chochote. Alisema hapana.

Aliomba apewe nakala ya maelezo haya akamsomee mlalamikaji hospitali leo, saa ya kuona wagonjwa. Nilimjulisha kuwa nakala haitolewi kwa shahidi. Kisha alisema basi atakwenda bila karatasi, akaniuliza saa. Nilimwambia ni saa tisa na robo. Ameondoka kituoni kwa miguu kuelekea hospitali.

Jabiri, Koplo
23/8/1993